Mchikichi Juu ya Bati

Nyamirambo, Kigali
Kiangazi, 1992

Kwa Mama yangu, Ujiji,

Shikamoo, Mama. Na shikamoo tena, maana najua ya kwanza umeipokea umekunja uso. Mzee Bilali ameniambia uso wako haujakunjuka tangu alipokuletea zile habari. Kifua chako kinaendeleaje? Bado unakohoa ukikaa karibu na pipa la kuchemshia mawese? Mguu wa Baba umepona, au ameshapanda tena michikichi kabla ya kupona? Na Hamisi anakwenda shule, au anakwenda ziwani huku akiaga kwamba anakwenda shule? Mimi ni mzima. Nakula, nalala. Mchana jua la hapa limeanza kuchoma, lakini asubuhi baridi inauma masikio, na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sahani.

Mama, ujumbe wako nimeupata. Mzee Bilali amenifikishia neno kwa neno, hata pale ulipomtaja mjomba Haruna kwa jina lake tupu bila kusema "kaka yangu". Umesema amejiingiza kwenye siasa za watu, askari wamemweka ndani, na mimi nipande lori hili hili la Mzee Bilali nirudi nyumbani. Nusu ya hayo ni kweli. Mjomba aliwekwa ndani. Lakini siasa hana, hata redio yake huizima taarifa ya habari ikianza. Aliwekwa ndani kwa sababu yangu. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo umkasirikie unayetaka kumkasirikia. Kama macho yanauma, mpe Hamisi akusomee, ila mwambie asirukie mwisho kama tabia yake.

Nilikuandikia zamani kwamba duka la mjomba linauza vifaa vya ujenzi na vya bustani. Misumari, nati, mabomba, waya wa kufungia nondo, majembe, reki, keni za kumwagilia, mipira ya maji. Nilipofika, watu walikuwa wananunua. Mjomba alikuwa akipeleka mizigo mpaka Kinyinya. Sasa wanaojenga wamepungua. Vita viko kaskazini, vizuizi viko barabarani, na mtu hachimbi msingi wa nyumba wakati hajui atalala wapi mwakani. Siku nyingine anaingia mteja mmoja, anataka kitasa.

Na mimi unanijua. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, maneno yananikimbia. Hapa yamezidi kunikimbia. Kiswahili changu wanakicheka, wanasema naongea kama mtangazaji. Kifaransa cha shule nakiandika vizuri, mwalimu amenisifia, lakini nikikitamka kinakwama kati ya meno. Kinyarwanda ndiyo kwanza najifunza. Wasichana wa darasani wamenipa jina: Bubu wa Kigoma. Mteja akija dukani namuelewa, nampimia misumari, nampa chenji, yote bila kufungua mdomo. Mmoja aliwahi kumuuliza mjomba, "Huyu mtoto ni mzima?"

Basi kwa kukaa bila kazi na bila maneno nikaanza kuchezea vitu. Mara ya kwanza nilichukua washa, zile pete za chuma zinazokaa chini ya nati, nikapanga ndogo juu ya kubwa, nikapitisha bolti katikati, nikafunga nati. Lilikuwa ua. Nililiweka kaunta, hakuna aliyeniuliza, nikafurahi. Baadaye nikapasua kipande cha mpira wa maji kwa urefu, nikakikunjua, nikapata jani la mgomba, mpaka ule mshipa wa katikati ulionekana. Halafu nikatengeneza alizeti. Katikati yake niliweka kile kichwa cha keni chenye vitundu, petali nikazikata kwenye kipande cha bati.

Mjomba aliishika ile alizeti, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Mwamini, hii keni asubuhi ilikuwa na kichwa."

"Kilikuwa kimetoboka, mjomba."

"Kichwa cha keni kinatobolewa kiwandani, mwanangu. Ndiyo kazi yake."

Mkaza mjomba Mariamu alicheka mpaka akashikilia kaunta. Mjomba akajifanya kakasirika, lakini keni ile isiyo na kichwa aliipunguza bei, na alizeti akaining'iniza mlangoni kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa ananiwekea vitu vilivyoharibika. Reki iliyong'oka meno. Roli ya waya iliyonyeshewa. "Chukua, panda," ananiambia.

Sasa nakuja kwenye mchikichi.

Mkaza mjomba amezaliwa hapa hapa Kigali. Anapika maharage kwa mawese, wao wanayaita mamesa, anayanunua sokoni kwenye chupa. Siku moja harufu yake ilinijia nikiwa nafua, Mama, nikaona kama umesimama nyuma yangu. Machozi yakanitoka. Akaniuliza nina nini. Nikajaribu kumwambia kuhusu michikichi, jinsi Baba anavyopanda, jinsi makuti yanavyolia upepo wa ziwani ukija. Hakuwahi kuona mchikichi maishani mwake. Alidhani mafuta yale yanatoka kwenye mashine. Nilieleza vibaya, nikakwama. Nikaamua nimwonyeshe.

Shina nililifanya kwa bomba lililopinda ambalo hakuna mtu angelinunua. Nikalivisha vipande vya bati, kimoja juu ya kingine, kama vile vishina vya makuti yaliyokatwa ambavyo Baba anakanyagia. Kila kuti ni nondo nyembamba niliyoipinda kidogo, halafu nikaikatia vipande vya waya, nikavifunga kushoto na kulia kwa koleo. Vifupi chini, virefu katikati, vifupi tena kwenye ncha. Wala sikuvipanga sawa sawa. Unajua vijani vya mchikichi vilivyo, kimoja kinatazama huku, kingine kule, kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Nati kuukuu nilizichovya kwenye rangi nyekundu, nikazifunga pamoja zikawa mkungu wa chikichi. Na kwenye vikonyo vya makuti nikaweka miiba. Nilichukua misumari midogo, nikaikata vichwa, nikaichonga kwa tupa mpaka ikawa mikali kweli. Nilikumbuka mikono ya Baba ilivyo jioni.

Mjomba ndiye aliyenisaidia kuusimamisha, uani, nyuma ya pipa la maji. Ulipita urefu wa nyumba. Mkaza mjomba aliuzunguka, akashika mwiba, akasema, "Na watu wanapanda hiki kitu kwa ajili ya maharage yangu?" Mama, sijawahi kufurahi namna ile tangu nije.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hatukuliona kwa sababu sisi tulikuwa uani. Mtu akipita njia ya kwenda bombani, shina halioni. Anaona juu ya bati letu fimbo za chuma zimetanda kila upande, na kila fimbo ina vijifimbo vingine vimeipita kati. Na watu wa huku hawajawahi kuona mchikichi.

Siku ile nilikuwa kwenye foleni ya maji. Solange alikuwa mbele yangu. Huyu ni msichana wa darasa langu, sauti yake inasikika kabla hajatokea, na hilo jina la Bubu ni yeye aliyelitunga. Akageuka.

"Bubu! Kwenu mmeweka antena?"

Nikajifanya natazama ndoo yangu.

"Si naongea na wewe? Ile yote juu ya nyumba ni antena? Mjomba wako iko na pesa, eeh! Mmenunua televisheni?"

Wote wakageuka kunitazama. Mama, ningesema nini? Kwamba ni mti? Kwamba nimetengeneza mti wa waya kwa sababu nalia nikinusa mafuta? Wangenicheka mpaka mwaka uishe. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Na mnashika wapi?"

Hapo mdomo wangu, huu mdomo ambao haufunguki hata mwalimu akiuomba, ukafunguka. Nikasema, "Mpaka Tanzania."

Wakasema, "Yee!" Solange akavuta ndoo yake pembeni, akanipisha nichote kabla yake. Nilirudi nyumbani maji yakinimwagikia mgongoni na mimi natabasamu peke yangu njiani.

Wewe uko mbali, labda huoni ubaya wa maneno yale. Hapa ni mabaya. Hapa kuna redio mtu anayoweza kuisikiliza mlango ukiwa wazi, na kuna redio ya upande wa pili wa vita, anayeisikiliza hujifunika blanketi. Mgeni mwenye antena kubwa namna ile, inayoshika mpaka nje ya nchi, huyo anaulizwa anasikiliza nani, na anaongea na nani. Nilikuwa nalijua hilo. Mjomba alituonya mara nyingi. Nilipokuwa bombani nilisahau, kwa kuwa kwa mara ya kwanza watu walikuwa wananitazama bila kucheka.

Sijui maneno yalitembeaje kutoka pale. Sitaki kusema ni Solange. Foleni ilikuwa ndefu.

Walikuja asubuhi, duka limefunguliwa sasa hivi. Mimi nilikuwa stoo nyuma ya mifuko ya saruji, natafuta bawaba. Nikasikia viatu, halafu sauti ya mtu asiyesalimia.

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Ni mimi, afande. Karibuni."

"Antena iko wapi?"

"Antena gani?"

"Wewe usitufanye watoto. Inaonekana mpaka barabarani."

Walipita uani. Kulikuwa na tundu ukutani, nikaweka jicho. Askari mmoja kijana aliambiwa apande juu ya pipa aing'oe. Akashika kuti kwa nguvu zote, na mara akapiga kelele.

"Nini?" mkubwa wake akauliza.

"Imeniuma, afande!"

"Nini imekuuma?"

"Antena, afande."

Siku nyingine ningecheka. Hakuna aliyecheka. Mjomba alisema kwa upole, akichanganya Kiswahili na Kinyarwanda, kwamba ni mchezo wa mtoto, ni mti wa kwao, hauna waya wa umeme wala redio. Yule mkubwa akauliza, "Mtoto gani? Yuko wapi?"

Mama, nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mjomba alijua nipo stoo, ndiye aliyenituma. Akatazama mlango wa stoo, halafu akatazama pembeni, akasema, "Hayupo. Amekwenda shule."

Na mimi nikakaa kimya. Nikasikia wakimpeleka, nikasikia mkaza mjomba akiwafuata mpaka barabarani akiuliza wanampeleka wapi, na mimi bado nimekumbatia mfuko wa saruji.

Mkaza mjomba aliporudi alifunga duka, akakaa chini kwenye kizingiti. Akaniambia, "Wewe usiseme kitu kwa mtu. Hukusema tangu uje, leo usianze. Ukienda kusema ni yako, watakubakisha wewe, na mama yako nitamwambia nini?" Nikasema sawa. Akaanza kumenya ndizi ili ampelekee mjomba chakula, maana kituoni usipompelekea mtu wako, anashinda njaa. Alikuwa anamenya na kisu kinamponyoka. Nikamwona vile, nikashindwa. Nikamwambia habari ya bombani yote. Kutikisa kichwa, na "mpaka Tanzania".

Hakunipiga, hakunitukana. Aliendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha. Akapika, akafunga sufuria kwenye kitambaa. Kisha akasema bila kunitazama, "Vaa viatu vya shule."

Njia nzima nilikuwa napanga maneno kichwani kwa lugha zote mbili, Kiswahili na Kifaransa, yale ya mtihani wa mdomo. Tulipofika kituoni yote yaliondoka. Tukawekwa kwenye benchi. Chakula kilichukuliwa na askari, hatukuambiwa kama kimefika. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, wengine wameshikwa mikono. Mlango mmoja ulikuwa ukifunguka nasikia mtu anakohoa ndani, kila mara najiuliza kama ni kikohozi cha mjomba. Jua lilitoka upande mmoja wa benchi likafika upande wa pili ndipo tukaitwa.

Yule mkubwa alikuwa mezani. Na mezani, Mama, lilikuwa kuti langu. Limelazwa kama mtu aliyekamatwa.

Mkaza mjomba alianza kuongea kwa Kinyarwanda, akazuiwa kwa mkono. "Aongee huyu. Ni huyu mnasema ametengeneza?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Ongea. Mimi siyo mwalimu wako."

"Ni yangu," nikasema.

"Nani amekutuma kuja kusema?"

"Hakuna, afande. Mimi ndiye niliyesema ni antena. Bombani. Nilisema uongo. Ni mti."

"Mti." Akalishika lile kuti kwa ncha. "Hii ni mti?"

"Ni kuti lake. Mchikichi. Mti wa mawese. Wa mamesa."

Akanitazama, akamtazama mkaza mjomba, halafu akauliza kwa sauti nyingine kidogo, "Mamesa inatoka kwa mti?"

Yule askari kijana alikuwa amesimama mlangoni, kidole amekifunga kitambaa. Akasema, "Yego, afande. Kule Bugarama iko. Niliona, tulipita na lori."

"Inafanana hivi?"

"Tulipita mbio, afande."

Hapo nikaona kwamba askari huyu hawezi kunisaidia zaidi, na mkaza mjomba hajawahi kuuona mti wenyewe, na katika jengo lile zima ni mimi na mjomba tu tunaojua mchikichi ni kitu gani. Nikasema, "Afande, antena ingewekewa miiba ya nini?"

Alitazama kidole cha askari wake. Akapitisha kidole chake mwenyewe taratibu kwenye kikonyo cha kuti, akakiondoa haraka.

Kisha akavuta waya uliokuwa umefungwa kwenye kuti, ule mrefu wa akiba niliouzungushia chini, akanisukumia. "Fanya ingine. Hapa."

Sikuwa na koleo. Nilipinda kwa vidole na kukata kwa kuchezesha waya huku na huku mpaka ukatike. Mikono ilikwenda yenyewe, labda kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayoijua. Yeye alikuwa ananiuliza haraka haraka, bila kunipa nafasi, nikiwa nimeinamia waya.

"Majani iko mafupi wapi?"

"Chini na kwenye ncha."

"Matunda?"

"Katikati ya makuti, karibu na shina. Mkungu. Mekundu na meusi."

"Nani anapanda?"

"Baba yangu."

"Miiba inatazama juu ama chini?"

"Juu," nikasema.

Nikamaliza kuti dogo, refu kama mkono wangu, nikaliweka mezani kando ya lile kubwa. Alilishika muda mrefu. Alilitikisa, vijiwaya vikalia kidogo. Sikuweza kujua anafikiri nini, na mpaka leo sijui. Akasema, "Nendeni nyumbani."

"Na mume wangu?" mkaza mjomba akauliza.

"Nimesema nendeni nyumbani. Na hiyo kitu ishuke. Sitaki kuiona juu ya bati."

Mjomba alilala huko. Hatukujua kama ataachiwa au kama nimempalilia moto. Mkaza mjomba alikaa na kanzu ya mjomba mapajani akishona kifungo ambacho hakikuwa kimekatika. Kesho yake adhuhuri imekwisha kuswaliwa, lango likafunguka, akaingia. Viatu havina kamba. Shavu moja limevimba. Alisema jino linamsumbua. Mama, sikuuliza ni jino gani.

Nilimwangukia miguuni nikamwambia yote. Alinisikiliza. Nilitegemea atasema nifunge mizigo yangu. Alisema, "Nilipokuwa ndani waliniuliza huo ni mti gani, nikawajibu mchikichi. Wakaniuliza unafananaje. Nikaanza kueleza, nikaona nimeusahau. Nimeondoka Ujiji zamani sana." Akaninyanyua. "Lete msumeno wa chuma."

Tukaenda uani. Yeye alishika bomba, mimi nikakata.

"Nikate wapi, mjomba?"

"Mchikichi mchanga unakuwa na kimo gani?"

Nikamwonyesha kiunoni kwangu.

"Basi huu ni mchanga," akasema. "Kata hapo."

Kichwa chenye makuti tukakifunga juu ya kipande kilichobaki, na sasa uko hivyo, Mama. Makuti yamekaa karibu na ardhi kama ya mche, hayaonekani kutoka nje. Kuti moja limepungua, lile la kituoni, hawakulirudisha. Mkungu wa chikichi nimeutoa, maana mche hauzai. Mkaza mjomba ameuweka dirishani jikoni.

Mjomba amefungua duka. Lakini zamani alikuwa anakaa ameupa mlango mgongo, anasoma makopo ya rangi. Siku hizi kiti amekigeuza. Gari likipunguza mwendo barabarani, anaacha kuongea katikati ya neno. Baadhi ya wateja wake wa siku zote wanapita upande wa pili wa barabara. Mmoja alimwambia waziwazi, "Haruna, subiri watu wasahau ile antena yako." Antena yako! Mjomba alimjibu, "Inshallah," basi.

Ndiyo maana nilikwenda bombani. Nilikuwa siendi tena, mkaza mjomba ndiye aliyekuwa anachota. Juzi nilichukua ndoo mwenyewe. Nilipofika wakanyamaza, namna watu wanavyonyamaza walipokuwa wanakusema. Solange alikuwepo. Akatazama ndoo yake. Baadaye akasema, chini chini, siyo kwa sauti yake ile, "Antena yenu haionekani."

"Haikuwa antena," nikasema.

Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Mama mmoja aliyekuwa anainua mtungi aliuweka chini.

"Haikuwa antena. Nilikudanganya. Uliniuliza mbele ya watu nikaona aibu. Ni mti wa kwetu unaotoa mamesa, nimeutengeneza kwa waya na nondo. Mjomba hana antena. Hana hata televisheni. Asiyeamini aje auone, uko uani."

"Mamesa si inatoka kwa pipa?" akasema yule mama, na wengine wakacheka. Siyo wote. Mwanamume mmoja alichukua madumu yake akaondoka bila kuchota, na sijui alikuwa anakwenda kusema nini na wapi. Mimi niliingojea zamu yangu mpaka nikajaza ndoo.

Solange alinifuata mpaka langoni. Hakuingia. Alisimama akautazama mchikichi kwa mbali, shingo ameirefusha. Akasema, "Kumbe una sauti." Akarudi zake. Sijui kama ni rafiki yangu. Lakini tangu juzi wamekuja watu kuutazama, mmoja mmoja, wanajifanya wamekuja kununua misumari. Mjomba anawauzia misumari.

Kwa hiyo, Mama, nakuomba radhi, lori hili la Mzee Bilali sitalipanda. Siyo kwamba sitaki. Naogopa hapa, sikufichi. Vizuizi vimeongezeka, juzi Mzee Bilali mwenyewe ameshushwa mzigo wote kwenye kizuizi cha Sonatubes na kuambiwa apakie upya. Lakini nikiondoka sasa, mtaa utasema yule mtoto wa antena amekimbia, na mjomba atabaki peke yake na neno nililolitia mimi. Acha nikae mpaka shule ifungwe, niwe nakwenda bombani kila siku wanione. Baada ya hapo ukiniambia rudi nitarudi. Na mjomba, tafadhali, mwandikie. Mwite kaka. Hajasema, lakini kila Mzee Bilali anapofika anamuuliza kama kuna barua ya Ujiji.

Nilitaka kukutumia kuti dogo la waya uliweke ukutani. Mjomba amekataa, amesema waya usipite kizuizini ndani ya mzigo wa mtu mwingine. Ni kweli.

Nisalimie Baba sana, na mguu wake. Nisalimie Bibi, mwambie nakula, na ile dua aliyonifundisha niliisoma kwenye benchi, nikaisahau katikati, nikaanza upya. Hamisi mwambie nitamtengenezea samaki wa bati. Bi Tunu jirani mpe pole ya mbuzi. Mjomba na mkaza mjomba wanawasalimu wote, na mkaza mjomba anauliza chikichi likiiva linanukaje kabla ya kupikwa, nimeshindwa kumweleza.

Ni mimi binti yako uliyemzaa na kumlea asiyesema,
Mwamini

Mama, kuna jambo moja lililobaki. Muulize Baba akirudi kutoka kukwea, lakini muulize kwa upole asishtuke: miiba ya kuti inatazama juu au inatazama chini? Yule afande nilimjibu juu, palepale, bila kusita. Lakini sikuwa na hakika. Nimejaribu kuukumbuka mkono wa Baba ulivyokuwa umechanika, kama ni wakati wa kupanda au wakati wa kushuka, na sioni vizuri. Niandikie upesi. Kama ni chini nitaigeuza.